Kabureta Mkononi mwa Fundi

Shosti, shika simu! Huku kwetu kumeharibika.

Unalijua lile gari la spoti la bamkubwa, la enzi zile, ukiachia mafuta tu linapasua pwaa! nyuma utadhani vita. Mtaa mzima tumelizoea.

Basi leo nyumba imejaa, mamkubwa anamimina chai, tukasikia pwaa! kutoka kwenye banda la gari huko uani. Mamkubwa akapaza sauti, "Wewe mzee, utatuua kwa presha!" Shemeji akasema bomba la moshi limekohoa. Mamkubwa akamjibu, "Liite eksozi, mwenyewe akikusikia atanuna."

Tukacheka. Tulicheka, shosti!

Mara fundi huyo anaingia getini, kabureta mkononi. "Mama, nimeshaisafisha. Sasa gari halitapiga kelele tena."

Birika likabaki hewani. "Hiyo ni ya gari gani?"

"La mzee. Niliifungua jana. Bila hii haliwaki."

Haliwaki. Kasema haliwaki!

Mamkubwa akatoka mbio pekupeku, akagonga mlango wa banda. Umefungwa kwa ndani, na bamkubwa hajawahi kuufunga. "Baba watoto, nifungulie."

Mtu akajibu, taratibu kabisa, "Anakuja, mama."

Mamkubwa akatugeukia. "Huyo si mume wangu."

Polisi tumewapigia, bado hawajafika. Mamkubwa tumemvuta, kagoma. Kashikilia kitasa, anamwita mumewe, na huko ndani hakuna anayejibu tena.