Gutiere ya maman Bibiane

Mardi, 8/10/2024
Leo tena nimebaki chini! Ninajifunza kazi ya manjanja, kukata na kukunja mabati, kwa mufundi wangu papa Anaclet tangu mwaka jana, na juu ya paa sijapanda hata mara moja. Tulienda mutaa wa Muhumba kuweka gutiere ya kupeleka maji ya mvua ku citerne, tangi ya maji, kwa maman Bibiane. Nani alikata manjanja? Mimi. Nani alikunja? Mimi — vidole viko na vidonda. Ngazi ilipowekwa, papa akamuita Gentil, mutoto wa dada yake. Mimi nishike ngazi. Ati mwanamuke akipanda, watu watasimama barabarani kuangalia. Waangalie basi! Nilikuja kwake kutafuta métier, kazi ya mikono, sikuja kutafuta bwana wa kunioa.

Na toka chini niliona pente iko mubaya, gutiere imeinamia ukuta, maji itakimbilia kule. Nilimuambia Gentil. Akacheka: "Colombe, wewe shika ngazi."

Jeudi, 10/10
Mvua kubwa. Ninafikiri tu ule ukuta. Nilisema!

Vendredi, 11/10
Maman Bibiane alifika ku atelier ya papa asubui na hasira. Maji iliingia chumbani, dari ya plafond ikaanguka juu ya kitanda cha mutoto — bahati, mutoto hakuwa hapo. Na papa Anaclet, nilisikia na masikio yangu, akamujibu: "Pardon maman, ni huyu binti. Iko anajifunza bado." Gentil alikuwa hapo hapo, anatengeneza mbabula ya makaa. Hakuinua kichwa. Nyundo yake haikusimama hata kidogo!

Nikasema: "Papa, mimi sikupanda." Akasema ninyamaze mbele ya kliya anayelipa, niombe pardon. Sikuomba. Nilitupa tablier yangu ya kazi chini nikatoka. Nyumbani mama yangu naye: rudi umuombe pardon, mufundi ni mufundi. Hata yeye!

Samedi, 12/10
Nilienda Muhumba peke yangu. Maman Bibiane alifungua mulango nusu. "Ni wewe ulituharibia?" Nikamuambia: nipe ngazi kwanza, maman, kisha uniite jina lolote. Akaniangalia, akaniangalia. Akaleta ngazi, akaishika yeye mwenyewe.

Nilitoa crochet zote, vile vyuma vya kushika gutiere, nikavuta kamba ya kupima, nikazirudisha moja moja, pente ikaangalia citerne. Watu walisimama barabarani, ndiyo. Mumoja akapiga muluzi. Sikugeuka kumuangalia. Ajabu — hasira yote ilikuwa imeingia ndani ya nyundo.

Kumbe mutu amemutelefonia papa Anaclet. Akafika anahema. "Shuka!" Nilipiga crochet ya mwisho, njo nikashuka.

Sasa tuko wote wawili barazani. Ninaandika juu ya goti ili nisimuangalie uso. Mawingu mazito inatoka upande wa ziwa. Maman Bibiane alituletea chai. Ya papa inapoa tu.

Amesema neno moja: "Maji ikirudi ndani, usikanyage tena kwangu."

"Na isiporudi, papa?"

Anaangalia juu, pale paa inapokutana na ukuta.

Mvua inaanza.