Kile Kisima Kina Dawa

Jumatatu, 1 Septemba
Chapati zimeisha saa tatu asubuhi. Hawa wachimbaji wa Nyarugusu nimewaambia, mngechimba kama mnavyotafuna mngeshatokea kwenye almasi za Mwadui.
Mchana kikao cha mtandao wetu wa akina mama wa maji. Vijiji vitano, wengine wanatoka mpaka Ushetu. Mimi mjumbe wa machimboni. Niliishia la nne ila mdomo ninao. Tumekubaliana pampu ikifa, kisima kikikauka, tunatumiana sauti kwenye simu, maana wengi kusoma ni shida. Sauti zangu wanazipenda. Nawachekesha.

Alhamisi, 4 Septemba
Pampu ya kina wifi yangu Kabula imekufa. Mke wa kaka yangu huyo, ana mimba ya miezi mitano. Kijiji chao kiko bondeni, chini ya mialo wanakooshea dhahabu. Wameniuliza kama kisima cha pale kinafaa. Nikamuuliza Masanja, muoshaji, mteja wangu. Chapati mdomoni, akiniita mama kwa Kisukuma: "Kile? Kina dawa kile, mayu."
Safi. Si kwenye semina ya maji walitufundisha kuwa maji yakitiwa dawa ni salama? Nikatuma sauti. "Akina mama, kisima cha chini ya mialo kina dawa! Kunyweni mpaka mpendeze!" Wamecheka wote.

Jumanne, 23 Septemba
Masanja kaja mbio. "Mama Doto, wale wanachota pale kwa nini? Si nilikwambia kina dawa?"
Nikamwambia ndiyo maana wanachota.
Akaweka chapati chini. "Dawa ya kukamatia dhahabu, mayu. Zebaki. Maji yake si yanaishia pale?"
Miaka sita nawauzia hawa watu. Dawa yao naijua. Wanaitaja mbele yangu kila siku. Siku ile nilikuwa na haraka ya kuchekesha.
Siku kumi na tisa. Kabula anakunywa.

Jumatano, 24 Septemba
Kabula nilimpigia jana ileile, kaacha. Kwenye mtandao nikatuma sauti nyingine, acheni kile kisima, nilikosea, kina zebaki. Mmoja wa Ushetu kanijibu kwa kicheko: "Mama Doto, utatuua na utani wako!" Wamedhani natania. Nani atamwamini mtu kama mimi?
Leo nimepanda bodaboda, nyumba kwa nyumba. Kijiji cha pili, nje ya duka, nikasikia mwanamke anacheka kwenye simu ya mtu. Nikageuka. Ni mimi. Sauti imeshatoka kwenye mtandao, iko kwenye makundi ya kwaya, ya vikoba, sijui ya nini. Kunyweni mpaka mpendeze. Nimemwomba yule mtu aifute. Kafuta. Nikaisikia tena kwa jirani yake.
Naogopa sauti yangu mwenyewe.

Ijumaa, 26 Septemba
Nimemweleza Kabula ana kwa ana. Nilitaka anitukane. Kasema tu, "Wifi, ile sauti nilikuwa nairudia. Ilikuwa inanifurahisha."
Tukaenda kituo cha afya. Wamechukua damu, inapelekwa Mwanza. Nesi kasema mtoto anacheza. Zaidi ya hapo hajui, kasema tusubiri.
Jioni akina mama wa vijiji vyote wamekuja kuziba kisima kwa miiba. Nimekata miiba bila utani hata mmoja. Wakaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 27 Septemba
Kikao. Kuanzia leo neno dawa halitumiki kwenye mtandao wetu. Klorini iitwe klorini, zebaki iitwe zebaki. Nikasema najiuzulu. Wamekataa. "Wewe ndiye unayejua maneno ya huko machimboni." Hapo ndipo paliponiuma.
Nikikanda unga naisikia ile sauti. Mafuta yakichemka, naisikia. Inacheka.

Jumapili, 5 Oktoba
Majibu ya Mwanza bado.
Nimekwenda bondeni. Kabula alikuwa peke yake, anachambua mchicha. Kanyanyuka kwa shida, kaingia ndani, katoka na kikombe cha maji. Kanipa kwa mikono miwili. Akakaa, akaniangalia.
Sikuuliza yametoka kisima gani. Nimekunywa yote.