Ellis Kaweza, Mimi Basi

Mtaa wa Tanner,
Burnley.
9 Machi 2019

Mpendwa Shangazi Beryl,

Hujambo huko Adelaide? Goti je, limeacha kukusumbua? Sisi tunasukuma siku. Mvua haijatuacha tangu Krismasi, na Clifford wangu anakohoa kama trekta bovu, ila akiambiwa aende kwa daktari anajifanya hasikii. Picha ya bustani yako nimeibandika kwenye friji. Nyie mna jua mpaka mnalilalamikia!

Uliniuliza kama nimepanda cheo. Sikupanda, Shangazi, na naona sitapanda tena.

Unajua nilivyoisomea ile hati ya msaidizi wa mwalimu wa daraja la juu, pale mezani jikoni, baada ya kuosha vyombo. Nilifaulu. Mwalimu mkuu wetu, Bi Pilling, alinipongeza mbele ya wote, akasema nafasi ikitokea ni yangu. Nikanunua na viatu vipya, mjinga mimi.

Lakini kazi yangu imefungwa kwa mtoto mmoja, Ellis. Alipoletwa shuleni alikuwa hasemi, anajificha chini ya meza akitafuna mkono wa sweta. Halmashauri hulipia saa za kumsaidia yeye, na saa hizo ndizo ajira yangu. Nilikaa naye chini ya meza ile mpaka akatoka, akasema, akasoma.

Mwezi uliopita kulikuwa na kikao chake cha kila mwaka. Alikuja mama yake, na bwana mmoja wa halmashauri mwenye tai ya njano. Bwana yule akaniuliza mtoto anaendeleaje. Basi, nikafunguka! Nikaeleza anavyosoma kwa sauti mbele ya darasa, anavyokula na wenzake, anavyonifukuza siku hizi: "Nenda bwana, najua mwenyewe!" Mama yake alilia kwa furaha, nami nikalia naye. Bi Pilling peke yake alikuwa akitazama meza.

Halmashauri ikaona hahitaji tena msaidizi; saa zote zimefutwa. Wiki iliyofuata nafasi ya daraja la juu ikatangazwa, kwa wenye mkataba unaoendelea tu. Wangu unakwisha Pasaka.

Glenda, mpishi wa shule, hakunionea huruma. "Wewe nawe! Wenzako wakiulizwa wanakuna kichwa: anajitahidi, ila bado, bado. Hiyo bado ndiyo mshahara, shoga! Umejipalia makaa mwenyewe." Kisha akanijazia pai na kastadi hadi sahani ikafurika. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Lakini ningesemaje bado, mama wa mtoto kakaa mbele yangu?

Bi Pilling aliniita ofisini. "Noreen mpenzi, nisingependa tukupoteze." Akanipa kazi ya kusimamia watoto uwanjani wakati wa chakula cha mchana, nianze mara moja, na koti la manjano na filimbi. Ndiyo kazi niliyoanzia, Shangazi, wanangu wakiwa wadogo. Nimekubali, maana kwa umri huu nitaajiriwa na nani? Wanasema tenda wema nenda zako. Sawa, ila hawasemi uende wapi.

Jumanne nilikuwa nimesimama ukutani, mvua ya rasharasha. Ellis akaja mbio na mpira, wenzake nyuma yake. Akanikazia macho.

"Bi Noreen, mbona uko nje?"

"Nimehamia huku."

Shuleni kwetu mtoto akikosa ndiye husimamishwa ukutani. Akanisogelea, akanong'ona wenzake wasisikie:

"Kwani umefanya nini?"

Nilipuliza filimbi, Shangazi, ingawa muda wa kurudi darasani haukuwa umefika.

Nisalimie mzee Stanley, na Heather na wanawe. Clifford naye anakusalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri, maana mimi wangu umekuwa haba.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Noreen