Njia ya Mtoni Iliyohamia Nyuma ya Gesti ya Mjomba

Soni, Lushoto
19 Juni 2025

Mpendwa dada Rahma,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Ismaili na watoto mko salama huko Sumbawanga, na kile kikohozi cha Husna kimeisha. Sisi tuko wazima, Idi tumekula vizuri. Mama goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linanyooka. Baridi ya mwaka huu inang'ata, na ukungu unatutoka saa ambazo watu wa kwenu wamekwisha kula chakula cha mchana.

Nimeona nikuandikie kwa sababu nasikia Mjomba Twaha amekutumia ujumbe mrefu wa sauti, anakueleza jinsi alivyotuletea daraja. Shangazi alinisikilizisha. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Basi keti, nikusimulie ilivyokuwa.

Daraja la zamani unalikumbuka: lori likipita, vikombe vinalia kabatini kwa jirani yetu Eliza. Lilikuwa limechoka, na kuvunjwa kwake hakuna aliyekulilia. Shida ni kwamba nguzo za daraja jipya zilikalia njia yetu ya kuteremkia mtoni, pale kwenye mawe bapa tunapooshea karoti. Mainjinia wakaahidi kutujengea njia nyingine, ya ngazi za zege na vyuma vya kushikia. Wakaomba kijiji kitoe mtu wa kuwaonyesha mahali.

Unadhani nani alisimama kabla swali halijaisha? Tangu Mjomba astaafu arudi kutoka Tanga, hakuna kikao kinachofunguliwa bila yeye kutoa neno la utangulizi, neno la katikati na neno la shukrani. Hata kwenye msiba wa mzee Shekiondo alimsahihisha imamu.

Akawapeleka mainjinia kule juu, nyuma ya ile gesti yake isiyoisha kujengwa, akawaambia kina mama huteremkia hapo tangu enzi za babu. Hapo! Mahali ambapo hata mbuzi hunywa maji amepiga magoti. Mto unaporomoka katikati ya miamba, hakuna jiwe la kuwekea hata sahani. Ila magari ya ujenzi yangechonga barabara mpaka mlangoni kwake, na wageni wa gesti wangepata ngazi za kushukia wakapige picha. Akili yake yote iliishia hapo.

Tulisema. Mama mwenyewe alimfuata.

“Kaka, pale maji yana nguvu.”

“Ninyi wanawake mmezoea matope,” akamjibu, “mkiona zege mnaogopa.”

Mama akageuka akarudi nyumbani. Unamjua, hajawahi kumrudishia kaka yake neno.

Mvua za vuli zilipokolea, njia ya zamani ikazibwa kwa mabati, ikabidi tushukie huko kwenye ngazi za bwana mkubwa. Wanunuzi hawapokei karoti zenye udongo, na fuso halimsubiri mtu. Mama alikuwa ameinama anasuuza gunia la karoti. Maji yakalivuta, naye hakuliachia. Dada, nilimwona akienda. Sauti niliyoipiga sijui ilitoka wapi. Eliza alimdaka kanga, kanga ikambakia mkononi.

Mama akanasa kwenye mizizi, goti limegonga mwamba, maji yanampita kichwani. Waliotuokoa ni mafundi wa daraja. Walikuja mbio na kamba, mbele yao yule injinia kijana, Martin, akaingia majini na viatu vyake. Alipokwisha kumtoa Mama, Martin alikaa kwenye ngazi, ametota.

“Nani alituambia kina mama wanateremkia hapa?” akauliza.

Hakuna aliyemtaja mtu. Tuliinua tu macho tukaitazama gesti. Naye akaitazama.

Jioni Mjomba alikuja kumwona mgonjwa. Nilimwamkia, maana adabu ni yetu, si yake. Goti hakuliulizia. Alisema, “Ungeliachia gunia. Hiyo ni tamaa ya karoti.” Kisha akanywa uji niliompikia Mama, akajifuta mdomo, akaenda zake.

Martin akabadilisha mpango wa kazi. Vyuma viling'olewa nyuma ya gesti, njia ikajengwa upande wa chini wa daraja, inazunguka nguzo mpaka kwenye mawe mengine mapana ambapo maji yametulia. Ni njia nzuri, sina la kuikosoa. Barabara ya gesti iliachwa ilivyo, na masika yameila nusu.

Siku ya kufungua daraja, Mjomba alishika kipaza sauti akasema alikuwa halali usingizi kwa kuwahangaikia kina mama wa mtoni. Watu wakapiga makofi kwa mazoea tu. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Ujumbe aliokutumia ni hotuba hiyohiyo, kaiongezea chumvi.

Sasa habari yenyewe. Jumapili iliyopita wazee kutoka Vuga walileta posa yangu, kwa ajili ya kijana wao Mbwana, yule mwenye bustani ya kabichi. Tangu baba afariki, kila jambo la nyumba hii msemaji ni Mjomba, kwa kujipachika. Siku hiyo alikuja mapema, akachukua kiti cha mbele. Wageni walipomaliza salamu, akasafisha koo, akaanza kunyanyuka.

Mama alikuwa anamimina chai. Hata sauti hakuipandisha.

“Kaka, kaa unywe chai. Leo anaongea Omari.”

Baba mdogo Omari, ambaye maneno yake ya mwaka mzima yanatosha kwenye kibaba, alishtuka kuliko wote. Lakini aliongea, na aliongea vizuri. Mjomba alibaki katikati, hajasimama, hajakaa. Mwisho akakaa. Alichukua kikombe akanywa, na chumba kizima kilimsikia anavyomeza.

Posa imepokewa. Harusi ni baada ya Maulidi, nawe usipokuja sitakusamehe.

Mama, Baba mdogo Omari, shangazi na Eliza wanawasalimu sana. Nibusie Husna. Mungu awatunze njiani na nyumbani, awape riziki isiyo na masimango.

Mdogo wako akupendaye,
Hidaya