Korija Iliyonivusha Kemia

Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na wote hapo Dunda ni wazima. Mie mzima, na leo nina furaha hata kalamu haitulii. Sikupiga simu makusudi. Ungeanza kulia, nami ningelia, na habari isingefika.

Sasa nakiri. Ile kemia niliyokuambia inakwenda vizuri haikuwa inakwenda. Mtihani wa kwanza nilianguka vibaya, nikapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, na ukianguka huo unafungasha virago. Nilikwishajiona narudi Bagamoyo na miaka yangu thelathini na nne, bila cheti cha famasia, na wewe umenilelea wanangu bure.

Mkufunzi akanitafutia Neema, msichana wa mwaka wa tatu, anifundishe kila alasiri. Mama, ana miaka ishirini na mmoja. Siku ya kwanza akanipigia goti, "Shikamoo dada." Nikaitika marahaba, basi ulimi ukafungika. Nitamwambiaje sijui mtu aliyeniamkia? Wiki mbili nzima, kila akiuliza kama nimeelewa, nasema nimeelewa. Jeuri yangu unaijua, nimeirithi kwako.

Siku moja akafunga daftari, akasema taratibu, "Dada, heshima yako siichukui. Lakini ukinificha, siwezi kukusaidia."

Nikasema, "Neema, sijui hata moli ni nini."

Akaanza upya. Moli ni hesabu, akasema, idadi ile ile siku zote, ila uzito hutofautiana kwa kila kitu. Nikacheka. Kumbe ni korija! Babu anauza boriti kwa korija, nawe unanunua kanga kwa korija. Zote ishirini ishirini, ila nani atajitwika za Babu? Neema hakuwahi kuisikia korija, nikamweleza mimi. Tangu hapo nikawa nauliza bila haya, na yeye sasa anawafundishia wengine kwa korija yetu.

Matokeo ya sapu yametoka jana. Nimepata B, Mama. Nilimkimbilia Neema bwenini, na kabla hajapiga goti nikamwahi: "Shikamoo." Akashindwa kuitika, akanikumbatia tukalia wote.

Nisalimie Babu na boriti zake, kaka Shabani fundi cherehani, na shangazi wa Makurunge. Wanangu wabusu, waambie mama yao anabaki chuoni.

Likizo nakuja na Neema. Atakuamkia kwa goti, lakini usimtume jikoni. Ni mwalimu wangu.

Mwanao mwenye B,
Mwanahawa