Taa Sita Nilizokupa

Chumba cha Majaribio,
Karakana ya Taa za Boti,
S.L.P. 614.

Jumanne, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kwanza, maana baada ya hapo barua hii haina raha. Mgongo unasemaje? Wifi aliniambia siku hizi unainuka kitandani kwa awamu mbili, kwanza kichwa, halafu mwenye kichwa. Natumaini alikuwa anatania. Watoto hawajambo? Yule wa mwisho bado anamwita kila mwanamke mwenye miwani shangazi?

Huku kwetu sote tuko salama. Mama anaendelea na kikohozi chake, anakilea kama mjukuu, na dawa anakunywa siku anayotaka yeye. Macho yake yamepungua nguvu ila masikio yameongezeka. Ukinong'ona jikoni anakujibu kutoka sebuleni. Ndiyo sababu nimekuja kukuandikia kazini.

Kaka, kabla hujaendelea kusoma, kama boti yako iko majini, wape watu wako kazi ya kuipandisha nchi kavu leo hii. Usingoje kesho. Ukishawaambia, kaa chini umalizie barua.

Unakumbuka nilipopata kazi hii uliniuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayetoboa boti kusudi? Tulicheka sana. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Kila taa ya chini ya maji inahitaji tundu kwenye tumbo la boti, upana wa kikombe cha chai, tena chini ya usawa wa maji. Taa ina mwili wa shaba unaopita kwenye tundu hilo. Uso wake wa kioo unatazama nje majini, na kwa ndani inakazwa na nati kubwa. Mwili ule ndio unaozuia bahari isiingie. Mwanga ni pambo tu.

Mimi niliichora ile taa fupi, ile iliyonipatia sifa. Taa za zamani zilikuwa na kisanduku cha kurekebisha umeme kando, kinachukua nafasi na waya zake zinaning'inia. Mimi nikakiingiza kisanduku ndani ya mwili wa taa yenyewe, nikatenganisha umeme na shaba kwa karatasi nyembamba ya plastiki. Kila aliyeiona aliipenda. Nilitembea mwezi mzima kama nimevaa viatu vipya.

Mwezi wa kumi mwaka jana akaja mzamiaji anayesafisha matumbo ya boti hapa gatini, tunamwita Mapezi. Alisimama mlangoni maji yakimtiririka, akaniambia kuna taa yangu moja imecheza alipoigusa.

"Imecheza vipi?" nikamuuliza.

"Kama jino la mtoto," akasema.

Nikamwambia labda nati imelegea, nitamwambia fundi. Mapezi akanitazama kidogo, akasema yeye amemaliza, amefikisha. Nilimwona akiondoka, na alama za miguu yake zikabaki sakafuni mpaka mchana. Sikumwambia fundi. Siku ile nilikuwa nachora taa nyingine.

Wiki tatu baadaye boti moja ya matembezi ilizama ikiwa imefungwa gatini, saa sita mchana, jua kali, watu wanaangalia. Haikugonga kitu. Ilikaa tu, ikainama upande wa nyuma kama mtu anayesinzia, kisha ikaenda. Mlinzi wake alikuwa amejinyoosha chumba cha mbele. Walimtoa kupitia dirisha la juu, bega limeteguka. Nilimtembelea hospitali. Aliniambia kilichomwamsha ni ukimya, kwamba maji hayakupiga kelele yoyote, na alipoteremsha mguu alidhani amekanyaga blanketi lililoanguka. Alipomaliza kunieleza aliomba afunguliwe dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

Boti ilipoinuliwa, tundu moja halikuwa na taa. Zile nyingine tatu zilikuwa mahali pake, safi, zinang'aa.

Mkuu wetu wa karakana akaitisha kikao. Akasema fundi amekaza nati kupita kiasi, shingo ya taa ikakatika. Fundi mwenyewe ni mtu mzima, tunamwita Mzee Keekee kwa sababu ametoboa boti miaka ishirini na sita na halijawahi kuingia hata tone. Alisema hakuikaza kupita kiasi. Mkuu akanigeukia mimi, mchoraji, aniulize kama inawezekana nati ikavunja shingo.

Nikasema inawezekana.

Si uongo, Kaka, inawezekana. Lakini nilikuwa tayari nimemkumbuka Mapezi na lile jino lake. Mzee Keekee akaambiwa apumzike nyumbani. Akakusanya vifaa vyake, akafuta meza, akanitakia kazi njema. Nilikaa siku tisa na jambo hilo. Chakula nilikuwa nakula, usingizi nalala, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba niliweza.

Siku ya kumi kulikuwa na boti imepandishwa chelezoni kupakwa rangi. Nikamwomba mwenyewe taa moja, nikaileta hapa mezani. Usoni haikuwa na doa. Nikaiunganisha na umeme, ikawaka vizuri kabisa, ile rangi ya kijani na buluu unayoipenda. Nikaizima, nikaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, nikaanza kuikata kwa msumeno katikati. Sikufika mbali. Shingo, ile sehemu inayojificha ndani ya unene wa boti pasipoonekana na mtu wa ndani wala wa nje, ilimeguka kama biskuti iliyochovywa chai. Ilikuwa imegeuka nyekundu, ina matundu matundu. Nilipoibonyeza ilibaki vidoleni.

Ile plastiki yangu ndiyo iliyofanya hivyo. Joto la taa linaikausha, inapasuka, umeme kidogo unavujia kwenye shaba na kutoka kwenye shaba unakwenda majini. Maji ya chumvi yakipata umeme hula shaba kama mchwa. Na taa inaendelea kuwaka. Inawaka mpaka dakika inapotoka.

Nilimpelekea mkuu vile vipande kwenye sahani. Akavitazama muda mrefu.

"Msimu uishe kwanza," akasema. "Tukipiga kelele sasa hakuna atakayeleta boti hapa tena."

"Na zikizama?"

"Imezama moja."

Nikarudi huku juu, nikachukua daftari la taa, maana kila taa inayotoka mlangoni huandikwa na jina la boti yake. Nikawapigia wenye boti wote mmoja mmoja, wengine nikawaendea kwa miguu. Boti arobaini na moja. Zote zimetolewa majini, ya mwisho wiki iliyopita. Tisa shingo zilikuwa zimeliwa nusu. Mbili taa ilitoka kwa kuvutwa na mkono. Mkuu hajanifukuza kwa maneno, ila ufunguo wa chumba hiki anautaka leo mchana, na michoro yangu ameishusha ukutani.

Kwa Mzee Keekee nilikwenda nyumbani. Alikuwa anapiga randa mlango wa jirani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa.

"Nilijua si nati," akasema. "Mkono wangu unaijua nati."

"Kwa nini hukunibishia?"

"Nilibisha. Wewe ulikuwa unaangalia sakafu."

Halafu akaniuliza kama zimekwisha zote. Nikasema ndiyo, arobaini na moja. Nikiwa natamka hesabu hiyo, Kaka, ndipo nilipokukumbuka wewe.

Boti yako haimo kwenye daftari. Taa zako sita ni za kundi la kwanza kabisa, niliziunda kwa mkono wangu kabla hata ya uzalishaji kuanza, nikazifunga ndani ya sweta za watoto na kumpa binamu akuletee. Hazikuandikwa popote. Nilitaka ndugu yangu awe wa kwanza kuwa nazo. Na plastiki ya kundi lile ilikuwa nyembamba kuliko zote.

Jioni ile nilitafuta ujumbe wa sauti ulionitumia mwezi uliopita, ule wa kusema pampu ya kutoa maji imekuwa kama mama mkwe, inaamka yenyewe bila kuitwa. Mimi nilikujibu uipe likizo. Sasa nimeusikiliza tena. Nyuma ya sauti yako pampu inasikika. Inazima. Unaniuliza habari za Mama, unacheka, na kabla hujaniaga inawaka tena. Nimepima kwa saa. Ni sekunde hamsini na nne tu, maji yanaingia upesi hivyo.

Simu yako haipatikani tangu wiki iliyopita. Wifi anasema umewapeleka wapimaji wa ardhi visiwa vya mbali, watu saba mbali na nyie wawili, wewe na fundi wako wa injini, na huko hakuna mtandao. Sikumweleza kila kitu, nimemwambia tu kuna hitilafu ya taa. Nimepiga simu ofisi ya gati lenu. Aliyepokea aliniuliza kama taa zinawaka. Nikasema zinawaka. Akasema, "Basi dada, tatizo liko wapi?" Nilimweleza mara tatu mpaka akaandika. Jana akanipigia, safari hii sauti yake imebadilika, akasema wamekuita kwa redio tangu asubuhi na hujajibu. Akaongeza haraka kwamba huko redio mara nyingi haishiki. Nimeamua kumwamini.

Barua hii anaibeba mwenye boti ya mafuta anayepita kituo chako cha kujazia keshokutwa. Ameniahidi kwamba asipokukuta kituoni atakufuata. Pamoja na barua amebeba mfuko. Ndani kuna vizibo sita vya mti na nyundo ya mbao. Mzee Keekee ndiye aliyevichonga, alivianza siku ile ile nikiwa bado nimesimama pale kwake, hakuniambia ni vya nini mpaka alipomaliza cha pili. Vinaingia kwenye tundu lile barabara, amepima.

Kama uko mbali na nchi kavu, fanya hivi. Zima taa zote kwenye swichi kuu, toa na waya wake. Usiguse nati, usijaribu kuikaza, usiipige hata kidogo kuijaribu. Weka kizibo kimoja karibu na kila taa, na mtu anayejua kwamba kizibo ni chake kukigongomea taa ikitoka. Waambie wote wavae maboya, hata wakikucheka. Kisha rudi polepole, kwa njia iliyo karibu na ufuko hata kama ni ndefu. Sikiliza pampu. Ikiacha kuzima, usihangaike kuokoa boti, okoa watu.

Mimi mwenyewe naondoka kesho alfajiri kwa basi. Ni siku mbili na nusu mpaka gatini kwenu. Mama nimemwambia nakwenda kumwona yule mtoto wa mwisho. Aliinama karibu na begi langu, akaniuliza mbona ninabeba nguo nyeusi. Sikuwa nimetazama nilichokunja. Nikaitoa, nikaweka ile ya maua.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Nitaliomba hilo ana kwa ana, na ukitaka kunigombeza, nigombeze mbele ya watu, nitasimama. Nikishuka kwenye basi sitauliza mtu yeyote habari zako. Nitakuja moja kwa moja ukingoni nikikutafuta kwa macho. Nakuomba uwe umesimama nchi kavu.

Nisalimie Wifi, mwambie asinipikie kitu. Wasalimie watoto wote watatu, na mkubwa umwambie shangazi bado ana kile kitabu chake. Msalimie na fundi wako wa injini, yule anayejibu kila swali kwa kukohoa. Mama anakusalimu sana, anasema uvae sweta.

Mungu akufunike wewe na wote ulio nao hapo, awashike mpaka miguu yenu iguse mchanga.

Mdogo wako akupendaye,

Kitinda