Pilau la Mboni Nililoliacha

Barabara ya Kumi na Nne,
Ngamiani, Tanga.
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa dada yangu Zuwena,

Asalaam alaykum. Kwanza nisamehe. Mzigo wako niliupokea mwezi wa saba, na leo mwezi wa kumi na moja ndio nashika kalamu. Barua nilishaianza mara tatu. Ya kwanza Yasini aliimwagia uji, ya pili niliisoma nikaona nimejisifu mno, ya tatu nikaichana mwenyewe kwa aibu. Hii ya nne itafika, inshallah, maana Idarusi wa duka la vitambaa anaondoka Jumatano kuja huko kwenu kupitia Horohoro na Mombasa, na nimeshamwambia nina bahasha.

Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Mgongo umepona, au bado unalala na mto chini ya magoti? Sisi huku wazima. Mvua za vuli zinakuja na kusita. Mwantumu yuko darasa la pili, ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Yasini ametimiza mitatu na ana maneno kuliko mjumbe wa mtaa. Baba yao Msafiri yuko palepale konani anatengeneza baiskeli za watu, anakusalimu sana.

Usishangae kuona naandika wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii sauti yako ikiingia inasikilizwa na chumba kizima, na jirani wa ukuta wa pili naye anaongeza lake. Haya nataka uyasikie peke yako kwanza.

Tumbo limepona. Vile vidonda vitano vidogo vimekauka, vimebaki alama kama za kuumwa na siafu. Nimepungua kilo ishirini na sita. Sukari, ileile iliyomzika mama yetu, imeshuka mpaka daktari wa Dar ameniondolea dawa moja. Sasa naweza kuinama nikamfunga Mwantumu viatu bila kuhema. Kwa hilo nakuombea kila sala, maana bila wewe kile kitanda cha hospitali nisingekilalia.

Lakini dada, uliniambia habari za maumivu, hukuniambia habari za kula. Wiki mbili za kwanza maji ya supu tu, kikombe kidogo kama cha kahawa nakinywa saa nzima. Halafu uji mwepesi na mtindi, halafu samaki wa kupondwa. Sasa ni mwezi wa tano, nakula kila kitu ila kidogo: kipande cha samaki changu kinachoenea kiganja cha Yasini, vijiko vitatu vya mboga, basi. Nikizidisha kijiko kimoja kinakwama hapa kifuani mpaka nikakitapike. Maji na chakula havikutani, lazima nusu saa ipite. Siku moja hamu ilinishika, nikanywa chai ya sukari na kitumbua. Jasho likanitoka, moyo ukanienda mbio, nikalala chini ukumbini huku Mwantumu ananipepea na daftari lake la hesabu. Nywele nazo zinatoka nikichana, daktari anasema zitarudi.

Na kupika. Zamani nilikuwa nashiba jikoni kabla sufuria haijaipuliwa, kuonja huku na kule. Siku hizi chumvi naikisia kwa harufu.

Niseme ukweli, nakuonea wivu. Ukituma picha umevaa lile baibui jembamba, nazikuza kwa vidole natafuta mahali ulipochoka, sipaoni. Wewe ulipopunguzwa tumbo kama mie ulikuwa ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, mumeo yuko kazini, hakuna aliyekuchungulia sahani. Mie hapa nikimeza nahesabiwa.

Lakini wivu wangu kwako una heshima. Wivu wa kumwonea Mboni ndio ulionifikisha pabaya.

Mboni unamkumbuka, dada yake Msafiri, yule mwembamba aliyenishikia mwavuli siku ya harusi. Mwaka juzi aliachwa, baada ya mumewe kuumwa tumbo miezi mingi na ndugu za mume kunong'onezana kwamba kuna kitu alilishwa. Mbele yake hawakulisema, ila neno lenyewe halikufa. Nilipotoka Dar alikuja kuniuguza, akakaa hapa miezi mitatu. Tulimwambia nimetolewa uvimbe, kama tulivyokubaliana wewe na mie na Msafiri. Hakuuliza la pili. Supu yangu alikuwa anaichuja mara mbili kwa kitambaa cheupe, anainusa, anaichuja tena. Nguo zangu alifua, zile za siku za mwanzo ambazo mtu huoni fahari kumpa mwenzio.

Dada, nilimchukia mtu huyo.

Nilimchukia kwa sababu anakula. Anamega bada, ule ugali wa muhogo, donge kama ngumi, analichovya kwenye mchuzi wa papa, analamba vidole, na kiuno chake kiko vilevile. Mie nimekatwa nipate nusu ya alichopewa yeye bure.

Kwetu unajua, sinia moja, na mama wa nyumba ndiye anayemmegea kila mtu samaki wake. Kazi hiyo tangu niolewe ni yangu. Basi nilipokuwa sigusi chakula akaishika Mboni, na alikuwa hana ubaya, mtu lazima amege. Mie nakaa pembeni na kibakuli cha plastiki cha Yasini na kijiko chake. Mwantumu akaniangalia siku moja akasema, "Mama, kwani we ndo mtoto siku hizi?" Msafiri akacheka, Mboni akacheka, nikacheka na mie, nikainuka kwenda kukiosha kile kibakuli na kilikuwa bado na chakula.

Mwezi wa tisa nikarudi kwenye sinia. Nikammegea Yasini tonge, akageuza uso.

"Nataka la shangazi."

"La shangazi lina nini?"

"Kubwa."

Kumbe vidole vyangu vimezoea kumega vidogo, hata kwa mtoto. Mboni akamwambia, "Kula la mama, we, la mama ndo tamu." Alisema kwa wema. Nililala na neno lile kama nimetukanwa.

Sasa sikiliza lililotokea. Mwezi uliopita tulikwenda Mkwaja, hitima ya baba mkwe. Mboni alitangulia siku mbili, mama yake akamkabidhi sufuria kubwa la pilau, na si mtu wa kukabidhi kirahisi unavyomjua mama mkwe. Baada ya kisomo wanaume wakala barazani, sisi uani, wanawake sita kila sinia. Mie nikawekwa sinia moja na mama mkwe na shangazi zake Msafiri. Pilau lilikuwa zuri dada, harufu ya hiliki imefika mpaka njiani. Yasini alipita mbele yangu mbio akaenda kumkumbatia Mboni miguu, pale alipokuwa amesimama na upawa.

Ningeweza kula. Wewe najua utanitetea, utasema wali unamkwama, mafuta yanamdhuru. Ningeweza matonge mawili ya nyama laini, taratibu, bila shida yoyote. Sikutaka. Niliweka mkono pajani.

Mama mkwe akasema, "Mke wa Msafiri, mbona mkono mkavu?"

Nikanyamaza.

"Au tumbo?"

Shangazi mmoja akasema, bila kumtazama mtu, "Mwenzetu kakaa naye nyumba moja miezi mitatu. Anamjua mpishi."

Pale nilikuwa na neno moja tu la kusema, hata "naumwa" lingetosha. Nikamwangalia Mboni, Yasini kamning'inia, nikatazama chini. Basi, likawa jibu. Shangazi akaurudisha mkono wake. Aliyekuwa karibu naye akanawa. Sinia la pili likauliza kuna nini, likaambiwa. Mboni alisimama na upawa wake mpaka ukamdondoka, kisha akaingia ndani. Wanaume huko barazani wanaomba kuongezewa, hawajui hili wala lile.

Njiani kurudi Msafiri akaniuliza, "Ulisema nini uani?"

"Sikusema kitu."

"Ndo hicho sasa."

Kitandani siku nne alinipa mgongo.

Mboni hakurudi kwetu. Yuko Mkwaja kwa mama yake. Kila asubuhi alikuwa anachemsha mihogo ya nazi anauza pale njia panda, ndiyo sabuni yake na ndiyo nauli yake. Sasa anarudi na beseni limejaa. Msafiri alipokwenda wiki iliyopita alimkuta anawapa mbuzi. Wanawake wanawaita watoto wao ndani akipita. Na yule mume wa zamani, watu sasa wanasema waziwazi kile walichokuwa wananong'ona, wakitoa ushahidi kwamba hata wifi yake alikikataa chakula.

Mie nimerudishiwa nyumba yangu. Sinia lipo mbele yangu, namega mie, hakuna wa kushindana naye. Yasini hali. Anauliza shangazi anakuja lini, anabana meno. Nimempa matonge makubwa makusudi, nayo kayatema.

Usidhani nimetulia nimekuwa mtu mwema. Hata leo nikimkumbuka anavyokula, inanichoma. Akirudi hapa Yasini atanikimbia tena, na nitaumia tena, hayo nitakaa nayo mwenyewe. Lakini wivu wangu haukunipa ruhusa ya kumvua mtu jina lake. Hilo nimeshaliamua na sitaki unishauri kinyume.

Juzi nilimpigia simu mama mkwe nikamwambia kila kitu: kwamba nilipunguzwa mfuko wa chakula, kwamba wali mwingi siwezi, kwamba Mboni hana kosa. Unajua alinijibu nini? Alicheka. "Mwanangu, tumbo la mtu linapunguzwa kama gauni? Unamsitiri wifi yako, umefanya vyema, Mungu atakulipa. Lakini sisi tumeona." Dada, ukweli nilioupeleka umekuwa ushahidi mwingine. Msafiri naye alimweleza, akaambiwa anamtetea dada yake. Karatasi ya hospitali tuliyo nayo imeandikwa Kiingereza, na huko wanasema karatasi hata ya ng'ombe inapatikana.

Kwa hiyo nakwenda Mkwaja. Ijumaa ya tarehe 29 baada ya sala ya mchana. Nimemwomba Msafiri amwambie Mboni apike yeye, chochote anachotaka. Nitakaa uani palepale, wale shangazi wakiwepo, nitaweka mkono kwenye chakula chake, nile matonge yangu mawili, halafu nimwombe radhi mbele yao. Mboni bado hajajibu kama atapika. Akikataa ni haki yake, nitaomba radhi kwa mkono mtupu.

Nisalimie shemeji, na Bi Mwanakombo jirani yako aliyekupikia uji siku zile. Baba mdogo Suleimani anakusalimu, macho yanamsumbua lakini msikiti haukosi. Mwantumu anasema umletee viatu vinavyowaka taa, mie nimemwambia hapana. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe afya na kizazi chema, na siku ukirudi atukutanishe wote hai.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokuonea kijicho,

Saleha

Geuza. Mahitaji nimeyaweka huku nyuma ili usiyapoteze.

Vidonge vya vitamini vya kutafuna, vya miezi mitatu, vya chungwa. Vya stroberi vinanitia kichefuchefu.

Vidonge vya madini ya chuma, daktari amesema damu iko chini.

Unga wa protini makopo mawili, usio na sukari wala ladha. Risiti iache ndani ya boksi. Lile la kwanza lilikaa mpakani Horohoro siku tatu, wanalinusa wanauliza unga gani huu.

Kwa Mboni usilete kitu. Si mtandio, si manukato. Itaonekana tumemnunua.

La mwisho halihitaji mzigo, ila nalihitaji kabla ya tarehe 29. Mama mkwe anakuamini wewe kuliko mtoto yeyote wa ukoo wetu. Alikuona kwenye harusi yangu ulivyokuwa mnene, akakuona ulipokuja mwaka juzi umekuwa mwembamba, akakuuliza siri, ukamwambia habasoda na funga ya Jumatatu na Alhamisi. Mpaka leo anakunywa habasoda kila alfajiri kwa ajili ya neno lako. Namba yake unayo. Mtumie sauti yako, useme jina lako kamili, useme kwamba ulimdanganya, kwamba wewe ulikatwa tumbo kule na mie nikakatwa Dar, na kwamba wewe ndiye uliyenitaka nifiche. Useme polepole, maana ataisikiliza uani na sauti ya simu ataipandisha juu, wote wasikie, na Mboni awepo.